Nani Anabwabwaja? Historia ya Neno “Gabble” na Masikio ya Wanaosikiliza

Ikisiri

Makala haya yanafuatilia historia ya neno la Kiingereza “gabble” na ndugu zake wachache, yaani maneno ya mitaani ambayo wasemaji wa Kiingereza huyatumia kuyataja mazungumzo ya haraka yasiyo na maana. Hoja yake ni kwamba maneno ya aina hiyo yamehifadhi habari nyingi zaidi za msikilizaji kuliko za msemaji. Sehemu ya mwisho inakitazama Kiswahili chenyewe, kwa kuwa sasa ni lugha ya mahakama, mabunge na jumuiya za kikanda, na kwa hiyo kina uwezo wa kuyaita maneno ya wengine kelele.

1. Swali lililotoka darasani

Katika somo la tafsiri nililokuwa nikilifundisha, wanafunzi walipewa sentensi fupi ya Kiingereza iliyokuwa na kitenzi “gabble”. Kamusi iliwaeleza kuwa maana yake ni kusema upesi kiasi cha kutoeleweka. Majibu yalimiminika: kubwabwaja, kupayuka, kuropoka, kupiga porojo, kupiga domo. Niliyaandika yote ubaoni, nikawa tayari kuendelea na sentensi iliyofuata. Ndipo mwanafunzi mmoja, aliyekulia upande wa Uvira, akanyosha mkono. “Mwalimu,” alisema, “bibi yangu akizungumza Kifuliiru sokoni, hakuna anayesema kwamba anabwabwaja. Wanasema anasema kilugha. Mtu ukimwambia anabwabwaja, maana yake umemwelewa, ila umeyadharau aliyoyasema.”

Sikuwa na jibu siku ile. Baadaye niligundua kwamba mwanafunzi yule alikuwa ameigusa tofauti ambayo kamusi zetu za lugha mbili huipita kimyakimya. Vitenzi vyetu vya kubwabwaja, kupayuka na kuropoka hushutumu yaliyomo katika maneno: mtu amesema ovyo, amesema bila kufikiri, amesema jambo lililopaswa kunyamaziwa. Hukumu hiyo hutolewa na mtu aliyesikia na kuelewa. Kitenzi “gabble” kinaweza kutumika hivyo, lakini kinaweza pia kutolewa na mtu ambaye hakuelewa hata neno moja, na ambaye hakuona haja ya kuelewa. Mshutumu wa kwanza amepima maneno kabla ya kuyatupa. Wa pili ameyatupa bila kuyapima. Kamusi ikiandika “gabble: bwabwaja” bila maelezo zaidi, huwafanya watu hawa wawili waonekane mmoja.

Ili kuona jinsi maana hizo mbili zilivyokaa katika neno moja, inatubidi turudi Uingereza ya karne ya 16 na ya 17, halafu tufuate njia ambayo, bila kutarajiwa, inafika Dar es Salaam.

2. Bata bukini, sala na kisiwa cha Kalibani

Neno “gabble” lilianza kuonekana katika maandishi ya Kiingereza katika karne ya 16. Linafanana na neno la Kiholanzi lenye sauti hiyohiyo, na kwa vyovyote asili yake ni mwigo wa sauti: ndivyo wanavyosikika bata bukini wakiwa pamoja uani. Hadi leo Mwingereza anaweza kulitumia neno hilo kwa ndege na kwa watu bila kubadilisha chochote. Ndugu zake wa karibu, “jabber” na “gibber”, nao ni wa sauti.

Ndugu mwingine, “patter”, ana ukoo wa kushangaza kidogo. Limetokana na maneno mawili ya kwanza ya sala ya Baba Yetu kwa Kilatini. Katika Ulaya ya kabla ya Matengenezo ya Kanisa, waumini wengi waliikariri sala hiyo haraka haraka katika lugha ambayo hawakuielewa, na kitenzi kikazaliwa kutokana na kasi ile. Miaka mingi baadaye neno hilohilo likawa jina la maneno ya wachuuzi wa barabarani. Henry Mayhew, katika uchunguzi wake kuhusu maskini na wafanyakazi wa London uliotoka kwa mfumo wa kitabu mwaka 1851, aliwaeleza kwa kirefu wauzaji waliojipatia riziki kwa ulimi wao kuliko kwa bidhaa zao. Katika neno hili anayesemwa na anayesema ni watu wa mji mmoja, na dharau yake ni ya jirani kwa jirani.

Lakini neno “gabble” lina tukio moja maarufu katika fasihi, nalo ndilo lililolipa uzito ambao bata bukini peke yao wasingelipa. Katika tamthilia ya Shakespeare ambayo wasomaji wa Kiswahili wanaijua kwa jina la Tufani, iliyochezwa mbele ya Mfalme James mwaka 1611 na kuchapishwa mara ya kwanza mwaka 1623, Kalibani anakumbushwa hisani aliyotendewa na wageni waliokitwaa kisiwa chake. Anaambiwa kwamba kabla ya kufundishwa lugha hakujua hata maana ya aliyoyataka mwenyewe, bali alikuwa akitoa sauti kama mnyama. Kitenzi kilichotumika ni hicho hicho. Katika chapa ya mwaka 1623 maneno hayo yamo kinywani mwa Miranda, binti wa Prospero. Wahariri wengi wa baadaye waliona ni makali mno kwa msichana, wakampa baba yake. Mjadala huo wa nani aliyatamka umechukua kurasa nyingi za uhakiki. Swali la kama yalikuwa ya kweli limepewa nafasi ndogo zaidi, na hilo ndilo linalomhusu mwanahistoria wa lugha.

Tamthilia yenyewe inatoa ushahidi wa kuyakanusha. Mama yake Kalibani, Sycorax, alizaliwa Algiers, akafukuzwa na kutupwa kisiwani akiwa mja mzito. Alikuwa akimwamuru Ariel, na Ariel alipokataa kutii amri zake alifungwa ndani ya mti kwa miaka kumi na miwili. Amri haiwezi kukataliwa kama haikueleweka. Basi kulikuwa na lugha kisiwani kabla Prospero hajafika, na ilikuwa lugha ya mwanamke kutoka Afrika Kaskazini. Isitoshe, wageni walipowasili ni Kalibani aliyewaonyesha chemchemi za maji matamu na ardhi yenye rutuba. Mtu asiyejua maana ya anayoyataka hawezi kumwongoza mwingine hadi kwenye maji. Sidai kwamba Shakespeare alikusudia hoja hii. Yawezekana hakuifikiria kabisa. Ninachosema ni kwamba neno “gabble” lilitosha kuifuta lugha ambayo matendo ya wahusika wote yanaishuhudia, na wasomaji wa karne nyingi walikubali kufutwa huko kwa sababu neno lenyewe halikuwaachia nafasi ya kuuliza.

3. Mwaka 1969

Mwaka 1969 tamthilia hii ilipata maisha mapya mara mbili, katika pwani mbili za Afrika, na sijaona mahali ambapo matukio hayo mawili yamewekwa ubavuni kwa ubavu.

Tukio la kwanza ni la Dar es Salaam. S. S. Mushi, aliyekuwa ametafsiri Makbeth mwaka mmoja kabla, alitoa tafsiri yake ya Tufani kupitia Tanzania Publishing House. Ilikuwa sehemu ya kazi iliyofunguliwa na Mwalimu Julius Nyerere kwa tafsiri yake ya Julius Caesar ya mwaka 1963, ambayo mwaka huohuo wa 1969 ilifuatiwa na Mabepari wa Venisi. Sababu za kazi hiyo zinajulikana: kuonyesha kwamba Kiswahili kinaweza kubeba fikra nzito ambazo wakoloni waliamini zinahitaji Kiingereza. Matokeo yake kwa Kalibani ni ya ajabu. Katika kitabu cha Mushi, Prospero, Miranda na Kalibani wote wanazungumza Kiswahili tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Anayeambiwa kwamba hakuwa na lugha anaambiwa hivyo katika mojawapo ya lugha za bara ambako mama yake alizaliwa.

Tukio la pili lilitokea Tunisia. Aimé Césaire, mshairi na mwanasiasa wa Martinique, aliiandika upya tamthilia hiyo kwa Kifaransa kwa ajili ya waigizaji weusi, nayo ikachezwa kwa mara ya kwanza mjini Hammamet katika mwaka huo wa 1969. Katika Une Tempête, Kalibani ni mtumwa mweusi, na neno la kwanza analolitamka jukwaani ni “Uhuru”. Prospero hamwelewi. Anamuuliza amesema nini, kisha anamkaripia kwa kuirudia lugha yake ya kishenzi.

Kwa hadhira ya mkutano huu sihitaji kueleza neno hilo lina maana gani. Ndilo lililosimamishwa juu ya Mlima Kilimanjaro pamoja na mwenge usiku wa Tanganyika kupata uhuru mwezi Desemba 1961, na ndilo lililojaza viwanja vya Nairobi miaka miwili baadaye. Kufikia mwisho wa muongo ule lilikuwa limeenea hata Marekani na Karibi, likitamkwa na watu wasiojua neno lingine lolote la Kiswahili. Césaire alilichagua kwa sababu watazamaji wangelielewa huku Prospero akilisikia kama kelele. Kwa maneno mengine, alilichukua tendo la “gabble” akaligeuza uso: hadhira yote inajua kilichosemwa, na asiyejua ni bwana peke yake. Ujinga unahamia upande wa msikilizaji, na hapo ndipo ulipokuwa tangu mwanzo.

Wahakiki wa fasihi ya Kiafrika wamelichambua sana swali la Kalibani na lugha ya kukopa. Lakini sisi wa Kiswahili hatujalidai vya kutosha neno letu katika mjadala huo. Katika tamthilia iliyoandikwa kwa Kifaransa na Mkaribi kuhusu kitabu cha Mwingereza, neno lililowekwa kama mfano wa lugha inayodhaniwa haina maana lilikuwa la kwetu.

4. Mumbo Jumbo, au namna taasisi inavyogeuzwa kuwa kelele

Mfano wa Kalibani ni wa jukwaani. Huu unaofuata ni wa biashara, na unatoka ukingoni mwa Mto Gambia.

Francis Moore alikuwa karani wa Royal African Company katika eneo hilo miaka ya 1730. Mwaka 1738 alichapisha mjini London kitabu cha safari zake, na ndani yake alimweleza Mumbo Jumbo: mtu aliyejifunika vazi refu la magome ya mti, akitokea usiku katika vijiji vya Wamandinka, akisikilizwa na kuogopwa, hasa na wanawake. Nyuma ya vazi hilo kulikuwa na chama cha siri cha wanaume. Mungo Park, aliyepita katika nchi hizo mwaka 1795 na kuchapisha habari zake mwaka 1799, alisimulia kuliona vazi hilo likining’inia mtini nje ya mji, na akaeleza jinsi lilivyotumika pale wake wa mume mmoja waliposhindwa kuelewana: mhusika alikuja, watu wakakusanyika, nyimbo zikaimbwa, kisha mwanamke aliyehukumiwa akachapwa mbele ya wote.

Sina nia ya kuipamba taasisi hiyo. Ilikuwa chombo cha wanaume cha kuwatisha wanawake, na Moore na Park hawakukosea kuliona hilo. Lakini ilikuwa chombo. Ilikuwa na utaratibu, wasimamizi, siri yenye viapo na hukumu iliyotekelezwa. Kila aliyekuwepo alijua maana ya kilichokuwa kikitokea, na zaidi ya wote aliyechapwa. Katika karne ya 19 jina hilo lilipozunguka katika magazeti na riwaya za Kiingereza, lilipoteza kwanza vazi lake, likawa jina la sanamu yoyote inayoabudiwa na “washenzi”. Kisha likapoteza hata sanamu, likawa maneno yoyote yasiyoeleweka. Leo mtu anaweza kuuita waraka wa benki “mumbo jumbo” bila kujua kwamba anakitaja chombo cha Wamandinka. Safari hiyo ya maana ilichukua takriban miaka 150, na katika kila hatua ilihitaji watu ambao hawakuwa na sababu ya kuuliza lile vazi lilikuwa la nini.

Inafaa kukumbuka kwamba nakala ya kale kabisa tunayoijua ya Utendi wa Tambuka ina tarehe ya mwaka 1728, miaka kumi kabla ya kitabu cha Moore. Wakati karani wa Gambia alipokuwa akikusanya habari ambazo zingewapa Waingereza neno la upuuzi, upande wa pili wa bara, huko Pate, ushairi mrefu ulikuwa tayari umeandikwa na kunakiliwa kwa khati ya Kiarabu.

5. Yanayotazama juu

Ni lazima niseme, ingawa kwa ufupi, kwamba Kiingereza kina pia maneno ya aina hii yaliyoelekezwa kwa wakubwa. Mwaka 1820, bunge la Marekani lilipokuwa likijadili suala la Missouri na utumwa, mjumbe Felix Walker wa North Carolina aliwachosha wenzake kwa hotuba aliyosema ni kwa ajili ya watu wa wilaya yake ya Buncombe. Kutokana na jina la wilaya hiyo likaja “bunkum”, yaani hotuba tupu ya mwanasiasa. Mwaka 1944 Maury Maverick, Mteksasi aliyeongoza shirika la serikali lililoshughulikia viwanda vidogo vya vita, alichoshwa na lugha ya nyaraka za ofisi, akaipiga marufuku kwa neno alilolibuni mwenyewe, “gobbledygook”, akisema lilimjia kutokana na sauti ya bata mzinga dume.

Tunarudi tena kwa ndege, lakini safari hii aliyefananishwa na ndege ni ofisa, na aliyemfananisha alikuwa amesoma waraka wake hadi mwisho. Maverick alikijua Kiingereza cha nyaraka zile. Hukumu yake ni ya aina ileile ambayo mwanafunzi wangu aliipa kitenzi “bwabwaja”: nimekuelewa, na hakuna kitu ndani. Kwa hiyo mfasiri anayekutana na “gobbledygook” anaweza kulitafsiri kwa neno la Kiswahili bila wasiwasi mkubwa, ilhali anayekutana na “gabble” hana budi kusoma kwanza ni nani anamwambia nani.

6. Masikio yetu wenyewe

Ingekuwa rahisi kuishia hapa na kuliacha kosa lote London. Kiswahili hakitupi ruhusa hiyo.

Tuanze na jina tulilozoea la nchi ya Iran, Uajemi. Limetoka kwenye neno la Kiarabu lililowataja wale wasiosema Kiarabu kwa ufasaha, na shina lake linahusu usemi usio wazi. Baadaye likawaangukia hasa Wafursi. Ni ndugu wa maana, ingawa si wa damu, wa neno la Kigiriki lililozaa “barbarian”, ambalo nalo ni mwigo wa bar-bar, sauti ya mgeni. Kiswahili kililipokea neno hilo na kulisahau kabisa tusi lake: Mwajemi kwetu ni mtu wa Uajemi tu. Hata hivyo, wataalamu wa leo wanapoyaita maandishi yetu ya kale ya khati ya Kiarabu “ajami”, pamoja na yale ya Kihausa na Kiwolofu, wanauweka Utendi wa Tambuka katika kabati ambalo mlango wake, kwa asili, umeandikwa “wasiosema vizuri”.

Tuna pia utani wetu. Huko Tanzania Kiingereza huitwa ung’eng’e, neno linalosikika kama mwigo wa sauti ya puani, kwa namna ileile Wagiriki walivyosikia bar-bar. Lakini angalia linavyotumika. Anayesifiwa kwa “kumwaga ung’eng’e” hadharauliwi, anaonewa gere. Mwigo ni uleule, mamlaka ndiyo tofauti. Mtoto aliyefundishwa neno “gabble” katika shule ya kikoloni hakuwa na nafasi ya kutania hivyo. Ngũgĩ wa Thiong’o, katika Decolonising the Mind ya mwaka 1986, ameeleza jinsi mwanafunzi aliyekamatwa akizungumza Kikikuyu karibu na shule alivyochapwa au kuvishwa kibao cha chuma kilichotangaza ujinga wake. Katika shule kama hiyo, msamiati wa Kiingereza wa maneno yasiyo na maana haukuhitaji mfano wa kitabuni. Ulikuwa umening’inizwa shingoni.

Jambo linalonisumbua zaidi ni neno alilolitaja mwanafunzi wangu mwenyewe, kilugha. Kwa sarufi yetu kiambishi ki- hufanya kazi mbili: hutaja namna ya kusema, kama katika Kichina na Kinyamwezi, na hupunguza ukubwa, kama katika kitoto na kijiji. Katika “kilugha” kazi hizo mbili haziwezi kutenganishwa. Lugha ya jirani inapata heshima ya ki- bila kupewa jina lake. Wengi hulisema neno hili kwa upendo, tena kuhusu lugha zao wenyewe, na sitaki kumtia hatiani kila anayelitamka. Lakini msikilizaji anayesema “wanaongea kilugha” amekiri kwamba anasikia lugha na papo hapo amejisamehe kuuliza ni ipi.

Wasemaji wa Kiswahili kutoka Bukavu, Lubumbashi au Bujumbura wanajua sura nyingine ya jambo hili. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, ilipatikana faida kubwa ambayo hakuna kati yetu angependa kuirudisha: vitabu vya pamoja, mitihani ya pamoja, hata mikutano kama huu. Lakini mstari ulichorwa pia, na walioachwa nje yake wamekuwa wakiambiwa kwamba Kiswahili chao ni kibovu. Nimewaona watafiti kutoka Kongo wakinyamaza katika vikao vyetu. Hoja walikuwa nazo. Walichoogopa ni kucheka kwa wenzao pale kivumishi kinapokosa upatanisho. Hakuna aliyewaambia kwamba wanabwabwaja. Haikuwa lazima.

Mahali masikio ya aina hii yanapoweza kufika palionekana Afrika Kusini. Huko wahamiaji Waafrika huitwa makwerekwere, jina linaloigiza sauti ya lugha zao kama inavyosikika kwa asiyezijua. Mwezi Mei 2008 makundi ya watu yaliwashambulia wakazi wa vitongoji vya Johannesburg na miji mingine, na watu 62 waliuawa. Iliripotiwa kwamba baadhi yao walipimwa kwa kuulizwa kiwiko cha mkono kinaitwaje kwa Kizulu. Kati ya waliokufa, 21 walikuwa raia wa Afrika Kusini. Jina la kuigiza sauti halibagui kati ya mgeni na mwenyeji. Linabagua kati ya anayesikika kama sisi na asiyesikika hivyo.

7. Kumbukumbu za mahakama

Kiswahili kimepanda daraja kwa kasi katika miaka michache. Mwaka 2021 Tanzania ilibadilisha sheria na kukifanya kuwa lugha ya mahakama; mwaka huohuo wakuu wa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki walikikubali kuwa lugha rasmi ya Jumuiya pamoja na Kifaransa, na UNESCO ikaitenga tarehe 7 Julai kuwa siku yake. Umoja wa Afrika ulifuata mwaka 2022. Tumeyashangilia mambo haya, na kwa haki. Kwa mamilioni ya watu waliokuwa wakihukumiwa kwa Kiingereza wasichokijua, badiliko la mahakama ni ukombozi wa kweli.

Lakini kila lugha inayoingia mahakamani inaingia na masikio yake. Mzee wa Kihadzabe, mwanamke mkimbizi anayezungumza Kibembe, au mfugaji wa mpakani anaposimama kizimbani mbele ya hakimu anayeendesha shauri kwa Kiswahili, sisi ndio Prospero. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika kifungu cha 50, inampa mshtakiwa asiyeielewa lugha ya kesi haki ya kupata mkalimani bila malipo, na mkataba wa kimataifa wa haki za kiraia na kisiasa unasema vivyo hivyo. Haki hiyo hutegemea mtu mmoja mdogo ambaye sera zetu za lugha hazimtaji: karani anayeandika kumbukumbu. Nimewahi kusoma kumbukumbu za baraza moja la mpakani, ambalo sitalitaja, zilizosema kwamba mlalamikaji “aliropoka maneno yasiyoeleweka” na shauri likaahirishwa. Hapakuwa na neno lolote kuhusu lugha aliyoitumia. Niliposoma mara ya pili niligundua kuwa jina la kijiji chake lilikuwa limeandikwa juu ya ukurasa uleule, na kwamba yeyote wa wilaya ile angeweza kusema mara moja huko wanazungumza nini.

Kwa watunga kamusi pendekezo langu ni dogo: chini ya “gabble” na ndugu zake paandikwe kwamba Kiingereza hutumia neno hili pia kwa lugha ambayo msikilizaji haifahamu, na kwamba katika maana hiyo “bwabwaja” na “ropoka” hazifai. Kwa Kamisheni ya Kiswahili ya Afrika Mashariki na kwa washauri wa wizara za sheria ni dogo vilevile. Fomu za kumbukumbu za mahakama na mabaraza ziwe na nafasi mbili zinazojazwa kabla ya ushahidi kuanza: moja ya lugha aliyoitumia msemaji, kwa jina lake kamili, na nyingine ya mkalimani aliyekuwepo. Pale ambapo hapakuwa na mkalimani, karani aandike hivyo hivyo: “Alisema kwa Kifuliiru. Hapakuwa na mkalimani.”